Mgonjwa wa Figo Huulizwa Uji

Miezi miwili baada ya kuambiwa kwamba figo zangu zote mbili zimeshindwa kufanya kazi, shangazi yangu alipanda basi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam akiwa na kapu la ukili lenye madafu sita, machungwa ya Muheza na chane mbili za ndizi kisukari. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo. Mgonjwa hupelekewa matunda, na dafu hutangulia, kwa sababu tumeambiwa tangu utotoni kwamba linaosha mwili na kurudisha nguvu. Nilikunywa maji ya madafu mawili mbele ya shangazi, nikala na ndizi, naye akafurahi kuona mgonjwa wake anakula. Usiku ule miguu yangu ilikuwa mizito kama imejazwa mchanga, na moyo ukawa unaruka pigo moja kisha unapiga lifuatalo kwa kishindo. Kabla ya alfajiri mke wangu aliniingiza kwenye teksi, na hospitalini daktari wa zamu aliagiza mashine ya kusafisha damu iandaliwe hata kabla sijamaliza kueleza. Potasiamu, madini ya kwenye chakula ambayo figo zilizoshindwa haziwezi kuyatoa mwilini, ilikuwa imepanda kiasi cha kutishia kuusimamisha moyo.

Karatasi ya masharti ya chakula nilikuwa nayo mfukoni. Iliandikwa kwamba niepuke vyakula vyenye potasiamu nyingi. Haikutaja dafu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimezoea kusoma maelekezo na kuyafafanulia wengine, na bado sikuweza kuliunganisha neno lile la maabara na kapu la shangazi yangu. Aliyeniunganishia ni mama mmoja muuza vitenge wa Kariakoo, ambaye siku hiyo alikuwa amelazwa kiti cha pili kutoka changu. Alinitazama kwa muda, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, jana nani alikuja kukuona?" Nikamwamkia kwanza, nikamjibu kwamba ni shangazi. "Na mkononi alikuwa na nini?" Nilipotaja madafu, alifumba macho, akatikisa kichwa polepole, akasema kwamba yeye pia ndivyo alivyokaribia kufa, miaka mitano nyuma, kwa madafu ya mdogo wake wa Mafia.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu watu wanaposikia kwamba wagonjwa hutiana moyo, hudhani kwamba tunakaa tukiambizana maneno ya subira. Maneno ya subira nilikuwa nayo ya kutosha. Nilipewa na ndugu, na majirani, na walimu wenzangu walipokuja kujua, na yote yalisemwa kwa mapenzi. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia niishije Alhamisi, siku isiyo ya mashine. Daktari alinieleza vizuri ugonjwa wenyewe: kwamba shinikizo la damu, ambalo nililijua kwa miaka tisa na kulimezea vidonge pale tu kichwa kilipouma, lilikuwa limeharibu vichujio vidogo ndani ya figo kimya kimya, kwamba uwezo wa figo zangu ulikuwa umeshuka chini ya 15 katika kipimo ambacho mtu mzima mwenye afya huwa karibu na 100, kwamba sasa nitahitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, mpaka hapo litakapopatikana jambo jingine. Nilikuwa na umri wa miaka 41. Maelezo yale yalikuwa ya kweli na niliyaelewa, lakini nilitoka mle ndani nisijue kama naruhusiwa kunywa chai.

Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa mtu wa kugeukia ukutani. Nilifika, nikapimwa uzito, nikaunganishwa na mashine kwa mpira uliotokeza shingoni, nikajifunika shuka hadi kidevuni. Shuleni nilisema nina matatizo ya tumbo. Nilivaa shati lenye kola ndefu ili mpira ule usionekane, na kwenye daladala nilikaa dirishani upande wa kulia, shingo yangu ielekee nje. Nadhani niliamini kwamba nikizungumza na wale wengine nitakuwa nimekubali kuwa mmoja wao. Daktari aliponiambia kwamba natakiwa kutengenezewa fistula, nilishtuka na kuona aibu, kwa kuwa kwetu neno hilo tunalijua kwa maradhi yanayowapata akina mama baada ya uzazi mgumu, na sikuthubutu kumuuliza linahusiana vipi na mwanamume. Niliondoka nikakaa wiki tatu bila kurudi kuomba tarehe ya upasuaji.

Baada ya siku ya madafu ukimya wangu ulikatika wenyewe. Mama yule alikuwa ameshanijua, na katika chumba cha kusafishia damu, mtu mmoja akikujua umeshajulikana na wote. Zamu yetu ni ya alfajiri, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na wanaokuja zamu hiyo ni wale wale wiki hadi wiki. Wengine ni wa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, nao ni kama mtaa mwingine kabisa. Sijawahi kuwa na kundi la watu ninaoonana nao kwa saa 12 kila wiki bila kukosa, hata ndugu zangu wa tumbo moja. Majina yao nayaacha, kwa sababu maradhi yao ni yao na hawakuniomba niyatangaze.

Jambo la kwanza walilonifundisha ni maji, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa mtu mzima wa afya hawezi kulijua. Figo zilizo salama huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, zikayarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili za mkojo. Mashine inafanya kazi hiyo kwa saa 12 katika wiki yenye saa 168. Saa zote zinazobaki, kila unachokunywa kinakaa ndani yako: kwanza kwenye miguu, kisha kwenye uso, kisha kwenye mapafu, na hapo ndipo mtu anapoamka usiku akitafuta pumzi dirishani. Mgonjwa ambaye bado anapata mkojo kidogo huruhusiwa kama nusu lita kwa siku juu ya kile anachotoa. Nusu lita ni chupa ndogo ya maji. Humo ndani hesabu chai ya asubuhi, maji ya kumezea vidonge, mchuzi, tikiti, na uji.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba mtu aliyelala hana haja ya kuombwa ruhusa, anapikiwa tu na kupewa, kwa sababu kila mtu anajua anauhitaji. Mke wangu alinipikia uji wa ulezi kila asubuhi, bakuli zima, kwa upendo uleule ambao shangazi aliubeba kwenye kapu. Nilikuwa nafika Jumatatu nimeongezeka kilo nne na nusu. Mashine ikilazimika kuyatoa maji mengi namna hiyo kwa saa nne, presha inaanguka, na misuli ya miguu inakakamaa kwa maumivu ambayo humfanya mtu mzima alie hadharani. Nililia hadharani mara mbili. Mara ya pili mama wa Kariakoo alimwita muuguzi, akamwelekeza avisukume vidole vyangu vya mguu kuelekea kwenye goti, na maumivu yalipotulia akanigeukia. "Nyumbani wanakupa uji?" Nikasema ndiyo. "Basi mwambie mwenzio kwamba wewe ni mgonjwa wa kuulizwa uji."

Nilimpigia mke wangu simu nikiwa bado kwenye kiti. Kuanzia siku hiyo tukawa tunaipima kila asubuhi chupa moja ya nusu lita, na chochote cha maji ninachotumia, hata kijiko cha mchuzi, tunamwaga kiasi kilekile kutoka kwenye chupa ili macho yangu yaone kilichobaki. Ujanja huo si wa daktari. Ni wa kijana mmoja fundi magari wa Temeke, wa kiti cha mlangoni. Mwingine alinifundisha kusukutua kwa maji baridi na kutema, na kuweka kipande kidogo cha barafu chini ya ulimi badala ya kumeza funda, kwa kuwa barafu hukaa kinywani kwa muda mrefu kuliko maji. Mama wa Kariakoo aliniambia kwamba sina kiu ya maji, nina kiu ya chumvi: niache ng'onda, niache dagaa wa chumvi, niache mchemraba wa viungo kwenye mchuzi, na baada ya wiki mbili nitaona. Niliona. Wajuzi wa mapishi wa zamu yetu walimweleza mke wangu pia kwamba mihogo, viazi na mchicha vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, kisha vichemshwe tena kwa maji mapya, maana potasiamu hutoka na maji ya kwanza. Birimbi, ambazo kwetu Tanga hatukosi kuzitia kwenye mchuzi wa samaki, zina kwa wingi kemikali iitwayo oksaleti na ni sumu kwa figo, nazo tukaziaga.

Aliyenitoa aibu ya fistula alikuwa mzee mmoja wa kiti cha dirishani, mstaafu wa reli kutoka Tabora. Siku hiyo alipandisha mkono wa kanzu yake hadi juu ya kiwiko. Chini ya ngozi palikuwa na mshipa mnene kama kidole gumba, umepinda na kuvimba mahali palipochomwa sindano kwa miaka. "Njoo, mwalimu. Usiogope, weka vidole." Niliweka vidole vitatu. Mshipa ulikuwa ukitetemeka mfululizo, bila kupumzika, kama tumbo la paka anayekoroma. Alinieleza, kwa lugha ya mtu aliyeshinda miaka na mabomba ya injini, kwamba hiyo ndiyo fistula yenyewe: madaktari wameunganisha mshipa unaotoka moyoni na ule unaorudi, ili ule wa kurudi upanuke, uwe na damu ya kasi inayoitosha mashine. Baadaye nilisoma kwamba njia hiyo ilielezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa New York mwaka 1966, na kwamba hadi leo ndiyo inayoheshimika kuliko nyingine, kwa sababu mpira wa shingoni ni mlango wazi wa maambukizi. Lakini nilichokishika ni maneno ya mzee. "Kila ukiamka, kabla hujasema na mtu, gusa hapa. Ukikuta pamenyamaza, usingoje siku yako. Njoo hospitali saa hiyohiyo." Akaniambia nisiulalie mkono huo, nisivae saa upande huo, nisikubali kupimwa presha wala kutolewa damu hapo, hata muuguzi awe mwenye haraka namna gani. Wiki iliyofuata niliomba tarehe.

Kuna mambo mengine niliyoyapata kwake ambayo sikuyasikia kwa mtu yeyote mwenye koti jeupe. Siku moja mashine zilipokuwa zikivuma na wengine wamelala, aliniuliza kwa sauti ya chini kama mambo ya ndani ya nyumba yangu yanakwenda. Sikujibu. Akasema kwamba ugonjwa huu na dawa zake huwapunguzia wanaume wengi uwezo, kwamba yeye alikaa mwaka mzima akidhani mkewe anamdharau, kumbe ni yeye aliyekuwa hamtazami usoni, na kwamba nimwambie daktari wazi kwa kuwa kuna msaada. Mzee wa umri wa baba yangu kuniambia hayo si jambo dogo katika mila zetu. Nilimwambia daktari, na nilimwambia mke wangu, na kama nisingeambiwa nadhani nyumba yangu ingeendelea kuwa na watu wawili wanaolala wamepeana migongo.

Si kila neno linalosemwa kwenye viti ni la kufuatwa, na ningewadanganya wasomaji nikiacha kulisema hili. Palikuwa na mwenzetu mmoja aliyekuja na habari za mizizi ya kuchemsha inayofufua figo. Aliamini kabisa, na alikuwa na kiu ya kupona kama sote. Aliacha mashine. Siku ya kumi na moja alirudishwa akiwa hawezi kulala chali kwa maji yaliyojaa kifuani, na alichukua mwezi kurejea alipokuwa. Tangu hapo zamu yetu ina kawaida ambayo hakuna aliyeiandika: mambo ya kiu, mapishi, usingizi, nauli, ndoa na woga tunaambiana wenyewe, lakini chochote kinachoingia mwilini kama dawa, cha kienyeji au cha duka la dawa, kinapitia kwa muuguzi kwanza. Hata dawa za maumivu za kawaida, ambazo mtu hununua kwa mia chache bila kuulizwa, zipo zinazoua uwezo mdogo wa figo uliosalia. Mwenye uzoefu na mwenye taaluma wanahitajiana, na nimeona watu wakiumia kwa kumchagua mmoja na kumwacha mwingine.

Katika kusoma kwangu nilikutana na habari iliyonigusa. Mashine ya kwanza ya kusafisha damu iliyomfaa binadamu ilitengenezwa na daktari Mholanzi, Willem Kolff, wakati wa vita, mwaka 1943, na mwaka 1960 daktari Belding Scribner wa Seattle alipata njia ya kumuunganisha mgonjwa mara kwa mara bila kuharibu mshipa kila safari, hivyo mtu akaweza kuishi miaka. Mgonjwa wake wa kwanza wa aina hiyo, Clyde Shields, aliishi miaka 11. Lakini mashine zilikuwa chache na ghali, kiasi kwamba mjini humo iliundwa kamati ya raia ya kuamua nani aunganishwe na nani aachwe. Mwaka 1969, wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu pamoja katika hospitali moja ya Brooklyn waliunda chama chao. Mwaka 1971 mmoja wa viongozi wa chama hicho, Shep Glazer, aliunganishwa na mashine mbele ya kamati ya Bunge la Marekani ili wabunge waone kwa macho yao wanachokijadili, na mwaka uliofuata sheria ikapitishwa ya serikali kugharimia matibabu ya figo. Nadhani wale watu walianza kama sisi, kwa kuulizana jana ulikula nini. Hapa kwetu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na sisi wa viti tuna la kusema juu ya utekelezaji wake, maana tunajua majina ya walioacha kuja kwa sababu fedha ziliisha. Ninatamani tulisemee pamoja.

Kuhusu kupandikizwa, nitasema machache. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, ambapo kabla ya hapo safari ilikuwa ya India. Inahitajika figo ya ndugu aliye hai, na kumwomba ndugu kiungo chake ni mazungumzo mazito kuliko yote niliyowahi kuyafikiria. Dada mmoja wa zamu yetu alipewa na kaka yake. Alirudi kututembelea baada ya miezi minne, akasimama katikati ya chumba na glasi ya maji, akainywa yote mbele yetu kwa sababu mama wa Kariakoo alimwomba ainywe. Hakuna aliyesema neno mpaka glasi ilipokwisha.

Mzee wa Tabora alifariki mwaka jana, siku ya Jumapili. Jumapili ndiyo siku yetu mbaya, kwa kuwa ni mwisho wa pengo refu kati ya Ijumaa na Jumatatu. Tulipata habari kitandani, tukiwa tumeunganishwa, na muuguzi aliyetuambia alikuwa akilia. Mchana tulikwenda msibani watu watano, kila mmoja na plasta mbichi mkononi. Mjane alitutazama tulipoketi kwenye jamvi, akauliza ninyi ni wa wapi. Tukasema ni wa Jumatatu. Akasema, "Karibuni. Aliwataja sana." Hili ni fungu la gharama ambalo anayejiunga na wenzake hulipa: utawazika baadhi yao, na kila mmoja unayemzika atakuonyesha njia uliyomo. Wapo wanaoamua kutozoeana na mtu kwa sababu hiyo, nami siwalaumu. Kwangu mimi, miezi miwili ya kugeukia ukutani ilikuwa migumu kuliko msiba ule.

Lalamiko langu ni moja. Katika hospitali nilikoanzia, hakuna aliyenitambulisha kwa mtu. Nilipewa namba ya faili, karatasi ya masharti na kiti. Wauguzi walikuwa wema na walikuwa wachache, sina neno nao. Lakini kumwambia mgonjwa mpya, "Huyu mama ana miaka mitano hapa, huyu kijana alianza mwaka jana, mtakaa jirani," hakuhitaji bajeti wala mtaalamu, na kungeniokoa na madafu. Ningeshauri kila chumba cha kusafishia damu kichague wawili kwa kila zamu, waliokwisha kutulia na wanaofuata masharti, na siku ya kwanza ya mgeni wapangiwe kiti kando yake. Na wewe uliyeambiwa juzi, kama hakuna anayekutambulisha, mwombe muuguzi akuweke karibu na aliyekaa muda mrefu zaidi. Usiulize kama kuna matumaini. Uliza anakunywaje maji.

Nje ya chumba chetu kuna benchi refu la mbao chini ya mwarobaini. Hapo hukaa wake zetu, waume, mama na watoto kwa saa zile nne. Kwa muda mrefu sikujua kwamba nao wana zamu yao. Wanachanga elfu mbili mbili kila Ijumaa, na fedha hizo huenda kwa yule ambaye nauli imemwishia au kadi yake ya bima imekwama, na mke wangu ndiye mshika daftari. Jumatatu iliyopita aliletwa kijana wa bodaboda wa miaka 23, mpira shingoni, akajifunika shuka na kugeukia ukutani kabla hata hajaunganishwa. Sikumsemesha siku hiyo. Nilipotoka, nilimkuta mama yake ameketi katikati ya benchi, chupa tupu ya nusu lita mapajani, na mke wangu akimwandikia kwenye kipande cha karatasi. Njiani nilimuuliza alikuwa akimwandikia nini. Akasema ni namba za simu za wote wa benchi, na kwamba habari ya uji wamekwisha kumwambia.